Mikono Isiyo na Uso

Rukia mwanangu,

Salamu tumepeana tangu asubuhi na chai umeinywa mbele yangu, kwa hivyo ya hujambo na sijambo tuyaruke. Umekwenda Tononoka kumuaga shangazi yako Zainabu, na Zainabu namjua, hakuachi utoke mpaka ule mara mbili. Nafasi ninayo. Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile nilizokufunza mwenyewe, maana skuli mimi sikuingia, na herufi za kizungu hazijanikubali mpaka leo.

Sitakwambia uvae sweta. Baridi ya Nairobi itakwambia yenyewe. Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Umekuwa mtu mzima, na ukitaka kunidanganya kwenye simu kwamba umekula, utanidanganya tu. Nina la kusema juu ya mikono yako, na juu ya uso wako niliouficha. Kwa mdomo siwezi. Nikianza kwa mdomo nitakugombeza, wanijua.

Kazi yangu waijua, ila hujapata kunisikia nikiisema kwa uchungu. Mimi ni somo. Nimewafunda maharusi wa mji huu mpaka wengine leo wana wajukuu. Na kazi ya somo ni ya ndani. Mlango unafungwa, pazia linashushwa, sauti inakuwa ya chini. Biarusi akitoka ameiva, watu humsifu biarusi. Somo hatajwi, na akitajwa basi kuna lililoharibika. Ndivyo nilivyolelewa. Nikadhani mafunzo yote ya dunia ndivyo yalivyo, kwamba mwalimu mwema ni yule asiyeonekana.

Na tulikuwa tukiitwa. Hilo ndilo lililokuwa tunu yetu. Mtu hajipeleki. Anakuja mama mzima nyumbani, anakaa, anakunywa kahawa, anauliza habari za wagonjwa wote wa mtaa, ndipo mwishoni anasema, "Bi Mwanaisha, tuna mtoto wetu." Kisha zikaja kumbi na saluni, na wasichana wakaanza kufundwa na simu. Wenzangu wakashtuka mapema. Walikwenda Biashara Street kwa wauza leso, wakaacha nambari zao: mtu akija kununua leso za harusi, aambiwe fulani yupo na kazi yake ni hii. Mimi niliwacheka. Nikasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaketi nyumbani, leso zimefukizwa udi, mlango wazi, nikingoja kuitwa.

Bado nangoja. Wale niliowacheka wana kazi mpaka leo, na mmoja wao hajui hata kumsinga biarusi kwa liwa.

Sasa baba yako. Athumani, mwanangu wa kuzaa, alikuwa na kidole kimoja kibovu, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kilibanwa na mlango wetu wa chini alipokuwa mtoto. Niliufunga mimi. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine kabisa, nikaufunga kwa kishindo, na mkono wa mtoto ulikuwa pale. Kidole kilipona kikabaki kigumu kama msumari. Alipojifunza gitaa, kila palipotaka kidole kile hakuwa nacho, basi akatafuta njia ya kuzunguka, kama mtu aliyekuta ndia imefungwa akapita uchochoroni. Katana, aliyempigia kinanda miaka yote pale hotelini Nyali, husema wapiga jazi wenzao walikuwa wakija kukaa meza ya mbele wamtazame vidole tu, na wakirudi makwao hawawezi kuiga.

Mimi sikuwahi kwenda. Nilisema hotelini kuna pombe, na mimi somo, watu watanionaje. Alipokufa, tulipokuwa matangani, Katana alinisogelea barazani akaniambia, "Mama, kulikuwa na wimbo akiupiga kila Ijumaa, akisema huu ni wa mamangu. Hukuusikia hata mara moja?" Nikamwambia sikuusikia. Yeye mtu wa Rabai, Mkristo, si damu yetu, na katika wote waliokuja kunipa pole, neno la Katana ndilo lililobaki ndani yangu kama mwiba wa samaki.

Wewe njia ile ya babako uliichukua yote. Vidole vyako ni vizima, vyote vyakunjika, na bado unapita uchochoroni alimopita yeye. Ulipokwenda kukaa kwenye kiti chake hotelini nilinung'unika, lakini nilikuacha, kwa kuwa nilishaona kunung'unika kwangu kulimzuia nani. Kisha hoteli ikawaona wewe na Katana ni watu wengi mno, ikaweka mashine ya muziki. Mashine haili chakula cha jioni.

Ndipo Katana alipokuja na habari ya kufundisha mtandaoni.

"Kumfundisha nani?" nikamuuliza.

"Yeyote, Mama. Mmoja yuko Tanga, mwingine Kisumu, mwingine Ulaya. Wanaangalia kwenye simu."

"Na watamjuaje?"

"Tutajitangaza kwenye makundi ya wapiga gitaa."

Nikacheka kile kicheko changu kibaya. "Kizuri chajiuza, Katana."

"Huko vyote vinajitembeza, Mama. Kizuri kikikaa kimya kinazikwa."

Ningemsikiliza. Badala yake nikaweka sharti, mbele yake, kwa sauti ya kukata maneno: mikono tu. Uso usionekane, sauti isisikike, jina lisitajwe. Wataka kufundisha, fundisha kama ninavyofundisha mimi, nyuma ya pazia. Wewe ulisema, "Sawa, Nyanya," ukaiinamisha simu chini, ukaiegemeza kwenye kasha langu la nguo, ikawa yaona gitaa na viganja basi. Maelezo ukayaandika chini ya picha. Nilifurahi. Nilijiona nimekuhifadhi.

Wakumbuka siku zile za kufukuzwa? Ulikuja jikoni umenuna. "Nyanya, wamenitoa tena kwenye kundi."

"Umefanya nini?"

"Nimeandika tu: masomo ya gitaa ya jazi, karibuni."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Yaani umeingia nyumba ya watu, hujapiga hodi, hujaketi, ukafungua furushi la bidhaa mlangoni? Hata mimi ningekutoa. Kwa fagio."

Ulicheka. Nikakwambia uingie kama tunavyoingia nyumba ya harusi tusiyoizoea: toa salamu, kaa karibu na viatu, tazama nani anahangaika na sufuria, ukamshikie sufuria. Bidhaa wataziuliza wenyewe. Na ukafanya hivyo. Lile kundi kubwa la wapiga gitaa wa huku kwetu Afrika Mashariki uliingia kimya, ukawa unajibu wanaoanza. Yule kijana wa Tanga aliyekuwa ncha za vidole zikimtoka damu, ulimwambia apunguze kukaza nyuzi na asizikandamize kama anayechinja. Mwalimu wa shule kutoka Kisumu ulimpigia mwendo mmoja polepole mpaka akaushika. Ukawa wanisomea jioni wanavyokushukuru. "Mikono" ndilo jina walilokupa. Mikono kasema, Mikono kaonyesha. Wakaanza kukuuliza wenyewe kama wafundisha, kama nilivyokwambia. Nikatembea Ndia Kuu nzima kifua mbele, ingawa sikuweza kumwambia mtu kwa nini.

Hapo ndipo nilipokuwa sahihi, Rukia, na nakuomba ulishike hilo, kwa sababu mengine yote nilikosea.

Walipotaka kulipa, walitaka kwanza kumwona wanayemlipa. Si ajabu. Hata samaki humnunui ndani ya gazeti. "Tuonyeshe uso." Ukaja kwangu, nikasema hapana. "Sauti basi, Nyanya, niwasalimie tu." Hapana. Ukarudi kwao huna jibu. Na watu wasiopata jibu hujitungia. Mmoja akaandika kwamba mikono ile ni ya mtu mwingine, wewe umeiba video za watu unazifanya zako. Wa pili akasema naye aliwahi kuziona mahali. Uongo mtupu, lakini uongo ukipata wa pili hugeuka ushahidi. Katana akasimama kukutetea, wakamwambia naye ni mwenzio. Msimamizi wa kundi akaandika neno lile ulilonisomea umesimama, hukukaa: mtu anayejificha ana la kuficha. Wakakutoa.

Sikukupa pole. Nilisema, "Unaona, ndio watu wa mtandaoni hao." Ningeliuuma ulimi siku ile.

Ikaja harusi ya binti wa Zainabu. Nilikutia piko mimi mwenyewe, ua langu la majani membamba lipandalo kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo, ambalo hapa mjini hakuna mwingine alichoraye hivyo. Bi Nuru alikaa nawe ukumbini, akaushika mkono wako, akausifu, akaugeuzageuza. Ulikuwa mkono wa mkwewe mtarajiwa, ana haki ya kuusifu. Posa ya mwanawe tulikuwa tumeshaikubali. Kesho yake, piko bado mbichi, wewe ukarekodi somo la babako. Lile la kidole kigumu, la njia ya kuzunguka. Hukuwa na kundi tena, ukaliweka kwenye ukurasa wako mwenyewe, na watu wakaanza kulitumiana.

Wiki ile ile Bi Nuru alikuja. Kahawa hakunywa. Alinyoosha simu mbele ya uso wangu.

"Bi Mwanaisha, mkono huu nimeushika mimi mwenyewe. Ni wa mjukuu wako?"

"Mkono ni mkono, Bi Nuru."

"Na ua ni ua? Ua hili lako lajulikana hadi Kibokoni."

"Uso hauonekani. Hata sauti haisikiki. Mtoto amejisitiri."

"Heri angeuonyesha!" akasema. "Angeuonyesha tungesema basi, mtoto ana kazi yake, ni fundi kama babake. Lakini mtu anayejificha ana la kuficha. Sisi hatuna nasibu nanyi, posa imekwisha."

Neno lile lile, Rukia. La msimamizi wa kundi, mtu asiyemjua Bi Nuru wala Bi Nuru hamjui. Nilikaa pale na buli linapoa. Waliotakiwa wakujue hawakukujua, na tuliowaficha ndio waliokujua. Pazia langu halikumzuia hata mmoja aliyestahili kuzuiwa. Lilikuzuia wewe.

Na mimi, badala ya kumwambia Bi Nuru ashuke ngazi zangu polepole asije akaanguka, nilikuja chumbani kwako nikasema, "Futa."

"Ipi, Nyanya?"

"Zote. Ukifuta atarudi."

Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Nilisikia. Kila moja kabla hujaifuta uliifungua, zikalia nyuzi mbili tatu, kisha kimya. Halafu nyingine, kisha kimya. Sikujua kwamba zilikuwa nyingi vile. Nilikuna nazi mpaka kifuu kikaanza kutoa unga mweusi, nazi yote ikaharibika, na bado ulikuwa wafuta. Ya mwisho niliitambua. Ilikuwa ya babako. Hiyo uliiacha ilie mpaka ikaisha, na mimi nikaisikiliza mpaka ikaisha, nikiwa upande wa pili wa ukuta. Ndiyo mara ya pekee nimemsikia Athumani akipiga, na alikuwa wewe.

Kisha kimya.

Bi Nuru hakurudi. Wewe hukulia wala hukunilaumu, na hilo ndilo lililoniua. Ungenitukana ningejua pa kushika. Ulianza tu kuzungumza na Katana juu ya Nairobi, juu ya nyumba ile ya wanamuziki wanaofundisha pamoja, ambapo kila mmoja hukaa mbele ya kamera na jina lake. Ulipokuja kuniaga rasmi ulisema, "Nyanya, huko watanitaka uso." Hukuuliza. Ulinijulisha.

Nikakujibu, "Nenda." Neno moja. Uliona ni hasira. Ilikuwa hasira, ila si kwako.

Hapa nimeacha kidogo. Katana anapiga hodi chini, atakuwa amekuja kukuaga.

Nimerudi. Naandika haraka, utavumilia herufi.

Nilimwambia Katana hupo, umekwenda Tononoka. Akasema atangoja. Nikamtengenezea kahawa, tukakaa barazani, nikamuuliza lililonikaa rohoni tangu siku ya nazi. "Lile somo la kidole, kuna mtu amebaki nalo?"

"Nimetafuta, Mama. Wengi walipeana njia ya kufika kwenye ukurasa wake tu, si video yenyewe. Alipofuta, kwao pia ikafa."

"Na Athumani mwenyewe? Hotelini hawakumpiga picha akipiga gitaa?"

"Watalii walipiga. Watalii wako kwao."

Kwa hiyo wajua sasa, na mimi najua. Njia ya babako imebaki mahali pamoja duniani, napo ni ndani ya mikono yako, na mikono yako kesho inapanda treni. Mambo ya nguo na chakula sina haja nayo kwa sababu hiyo. Ukifika, ukikaa mbele ya hiyo kamera yao, hilo liwe la kwanza. Usingoje wakuulize. Usingoje uwe tayari. Mimi nilingoja kuitwa na kazi yangu itazikwa nami, ua la piko na yote.

Basi nikamwambia Katana, "Wewe bado umo katika kundi lile lililomwita mwanangu mwizi?"

"Nimo, Mama. Ila wananitazama kwa jicho la pembeni."

"Toa simu."

"Ya nini?"

"Nataka wanione."

Akacheka, akadhani natania. Nikavua buibui la kichwani, nikabaki na mtandio, nikaketi sawasawa. Tangu kitambulisho sijapigwa picha kwa hiari. Katana akainua simu.

"Mama, tazama hapa kwenye kioo, si mimi."

"Kioo hakina macho, nitakitazamaje?"

"Sema tu."

Nikasema. Sikumbuki yote. Nilitoa salamu, nikawauliza hali, kama nilivyokufunza. Nikasema mimi ni Mwanaisha, nakaa Mji wa Kale, na mikono mliyoiita ya wizi ni ya mjukuu wangu Rukia binti Athumani, nimeiosha tangu ilipokuwa midogo kama tende. Aliyeuficha uso ni mimi. Yeye alitaka kuuonyesha. Kama mwizi yupo, mwizi ni huyu mnayemtazama, niliiba uso wa mtoto nikauweka kabatini. Kisha nikashika moto nikasema, na sasa anakwenda kufundisha Nairobi, atafundisha kitu ambacho hamtakipata kwa mwingine, na mkitaka kujifunza mumlipe, tena mumlipe vizuri.

Katana akapeleka. Tukakaa. Nikamwambia anisomee wanavyosema, asinifiche. Yule kijana wa Tanga alikuwa wa kwanza, kaandika, "Shikamoo Nyanya. Mwambie Mikono vidole vyangu vimepona." Nikafuta macho kwa mtandio. Wa pili, mshenzi mmoja, kaandika, "Na huyu nyanya naye kamwiba wapi?" Nikacheka mpaka Katana akaniletea maji. Wa tatu akauliza kama kweli mimi ndiye niliyechora lile ua.

Halafu kidole cha Katana kikawa kinapanda na kushuka juu ya simu.

"Kuna nini?"

"Wameitoa, Mama."

"Nani kaitoa?"

"Msimamizi. Anasema ni tangazo. Mimi nimepewa onyo."

"Tangazo? Nimesema kweli!"

"Kweli wangeiacha. Pale uliposema wamlipe vizuri, ndipo palipoharibika."

Basi hivyo, mwanangu. Sasa tumefukuzwa sote wawili. Mimi Mwanaisha, niliyewacheka wenzangu kwa kuacha nambari za simu kwa wauza leso, nimeingia nyumba ya watu nikafungua furushi mlangoni, siku ya kwanza. Sitakwambia hainiumi. Yauma kama ulivyoumia wewe ukaja jikoni, nami nikakucheka.

Lakini nimemuuliza Katana, hivi hawa hawana hata siku moja ya kuruhusu matangazo? Akasema wanayo, ni Jumamosi, wanaruhusu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Zainabu akiwa amekupa mabuyu, wagawie wa treni nusu, hutayamaliza njiani. Barua hii nitaitia ndani ya mfuko wa gitaa, chini ya kile kitambaa cha babako cha kupangusia nyuzi, na pembeni yake pana kikopo cha piko. Huko hakuna wa kukuchora, lakini mkono wako wa kulia unajua ua langu. Nilikuona ukijichora kwenye goti ulipokuwa mdogo. Jichore. Kisha inua simu, uso wako na vidole vyako vionekane pamoja.

Nami Jumamosi nitavaa leso mpya, nitakaa barazani, Katana atashika simu. Kibaya chajitembeza, walisema wazee. Basi na nijitembeze.

Nyanya yako,
Mwanaisha